Dakika Tano za Kasmir

Mimi ni mshonaji, kazi yangu ni kupima mabega na viuno, si kueleza maisha ya watu. Lakini Kasmir amekaa mkono wangu wa kushoto miaka kumi na mmoja, kwenye baraza moja ya Mtaa wa Swahili hapa Kariakoo, mimi na cherehani yangu, yeye na kimeza chake cha saa. Nimesikia kikohozi chake zaidi kuliko nilivyosikia cha mume wangu. Kama kuna mtu wa kumweleza bila kumpamba, ni mimi Hyasinta, na nitaeleza hata yale ambayo angependa niyafunike.

Ni Mchaga wa Kibosho, mwembamba, mpole kupita kiasi. Akishavaa lenzi yake jichoni, hata nyumba ikiungua hana habari. Unamsalimia, anakujibu ukiwa umeshafika sokoni. Nilikuwa namtania kwamba yeye ndiye Mchaga pekee mjini asiyejua kuita mteja, naye ananiambia saa mbovu inamjua fundi wake, haihitaji kuitwa.

Alikuja Dar es Salaam kijana, akapata kibarua bandarini. Siku ya nne alifika dakika moja baada ya lango kufungwa. Msimamizi akamwonyesha saa ya mkononi kupitia vyuma vya lango, akageuka akaenda zake. Kasmir akarudi chumbani kwake, mtaa wa Gerezani, akalala na njaa. Baadaye alipojifunza ufundi kwa Mhindi mmoja wa Mchafukoge, akaapa kwamba mteja wake hatafungiwa lango na mtu. Kwa hiyo kila saa aliyoitengeneza, kabla ya kuirudisha, aliisogeza mbele dakika tano.

Na hakusema. Hiyo ndiyo siri yenyewe. Nilimgundua mwaka wa pili, nilipoona saa niliyompa anitengenezee inanifikisha misa ya kwanza kabla sakristani hajafungua mlango. Nilipomuuliza alishtuka kama nimemfumania na mke wa mtu.

"Dada Hyasinta, nakuomba, usimwambie mtu," akasema. "Mtu akijua ziko tano, atazitoa kichwani, atachelewa kama kawaida yake. Inafaa asipojua."

Nikamwapia. Kwa nini nisimwapie? Nani amewahi kudhurika kwa kuwahi? Makarani wa wizarani, walimu, wapagazi, hata Bakili, balozi wetu wa nyumba kumi, wote walivaa saa zilizopita mikononi mwa Kasmir. Mtaa wetu ulikuwa umeitangulia Tanzania nzima kwa dakika tano, na hakuna aliyejua isipokuwa sisi wawili. Nakiri nilikuwa nacheka peke yangu.

Basi mwaka 1981, mwezi wa nane, akaja Gaudens. Huyu ni kijana wa nyumbani kwao Kasmir, rubani wa ndege ndogo ya watu wa misheni, ile inayopeleka dawa na madaktari kwenye hospitali za mbali. Alikuwa na furushi la kitambaa.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Habari za huko juu?"

"Huko juu kuzuri, vyombo ndivyo vimechoka." Akafungua kitambaa. Ndani kulikuwa na saa nyeusi ya duara, ile inayokaa mbele ya rubani. "Hii imekufa kabisa. Na hii ya mkononi inakwenda ikijisikia. Tumeomba vipuri nje tangu mwaka jana, tunaambiwa fedha za kigeni hakuna."

Hapo hakusema uongo. Sabuni ya kufulia tulikuwa tunaipangia foleni toka alfajiri, ndiyo ingekuwa saa ya ndege?

Kasmir alikaa na zile saa siku nne. Springi aliitoa kwenye saa ya mezani ya kengele, akaipunguza kwa tupa, akaijaribu, akaipunguza tena. Ilipoanza kutembea aliniita niisikilize, na mimi nikaacha mkasi nikaenda, maana sijawahi kumwona na furaha ile. Saa yake kuruka angani! Mtu aliyefungiwa lango la bandari!

Gaudens alipokuja kuzichukua aliziweka sikioni moja moja, kisha akazilinganisha.

"Mzee, zinasema neno moja!"

Kasmir akatabasamu, akaangalia chini. Mimi nilikuwa napiga pindo la sare za shule. Nilijua zote mbili zimesogezwa, na nilichowaza ni kwamba wagonjwa watapata dawa zao mapema. Nilicheka, Mungu anisamehe.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Ijumaa yake, saa tano za asubuhi, nikasikia watu wanagombana wanakuja. Alikuwa Gaudens, na mwenzake anayeitwa Pius, rubani wa ndege ya kukodi ya kampuni moja yenye ofisi Mchafukoge. Pius namjua vizuri, ni mtu wa kwetu Songea, nilimshonea binti yake gauni la komunyo. Ni mtu wa utaratibu, hata suruali anataka mikunjo iwe sawasawa. Siku hiyo shati lilikuwa nje, na mkononi alikuwa ameshika tawi la mti. Akalitupa juu ya kimeza cha Kasmir, majani na magome, katikati ya visaa vya watu.

"Hili nimelitoa kwenye gurudumu la ndege yangu," akasema.

Watu wakaanza kusogea. Kariakoo ugomvi hauhitaji tangazo.

"Fundi, wewe ni mtu wa saa, na huyu anasema wewe ndiye uliyetengeneza zake," akaendelea Pius. "Tusikilize, uamue. Kule milimani nyuma ya Mahenge kuna hospitali ya misheni ndani ya bonde. Bonde lile lina mlango mmoja tu, kati ya milima miwili. Mwembamba, na mawingu yanaukalia kutwa. Ndege inaingilia hapo, inatokea hapo hapo. Sasa huko hakuna mnara wa kutuambia nani apite. Redio za ndege zetu zote mbili zimekufa, vipuri hakuna. Nimwone vipi mwenzangu ndani ya wingu? Tukakubaliana kwa saa. Siku tukikutana huko, mimi natoka mlangoni saa saba kamili. Yeye anaingia saa saba na dakika tano. Angani hakuna breki, fundi, huwezi kusimama ukampisha mtu. Hizo dakika tano ndizo ukuta wetu. Hatuna mwingine."

Lenzi ilidondoka kwenye jicho la Kasmir ikagonga kimeza. Hakuiokota. Na mimi mguu ulisimama kwenye pedeli ya cherehani.

"Juzi," Pius akasema, "nilikuwa mlangoni saa saba kamili. Nyuma nina mama mjamzito kwenye machela, mtoto amekaa vibaya tumboni, na muuguzi amemshika mkono. Natoka kwenye wingu, naona kitu cheupe mbele yangu, kidogo kama kifungo cha shati. Sijavuta pumzi, kimekuwa ndege. Sheria yetu ni moja: mkikutana uso kwa uso, kila mtu apinde kulia kwake. Kulia kwangu ulikuwa mlima. Nikapinda hivyo hivyo. Nilisikia miti inapiga chini. Niliona uso wake huyu, jamani. Niliona meno yake!"

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja aliyekuwa amebeba kapu la nyanya alilitua chini, akajishika kichwa.

"Na mimi nilikuwa na watu watatu," Gaudens akasema kwa sauti ya chini. "Daktari, mkewe, na mtoto wao wa miaka miwili. Na ilikuwa saa saba na dakika tano, naapa kwa jina la mama yangu. Saa ya mkononi ilisema hivyo, na ya ndege ilisema hivyo. Mimi nina mbili, kaka Pius, wewe una moja."

Hapo nikaelewa kilichowaleta. Taarifa ilikuwa inaandikwa siku hiyo hiyo, mkaguzi wa ndege anangoja jina moja, na mwenye jina hilo angenyang'anywa leseni. Walikuwa wamelinganisha saa zao wakakuta zinatofautiana dakika tano, kila mmoja anashikilia yake. Wakaona waende kwa fundi.

Kabla Kasmir hajafungua mdomo, Bakili akajipenyeza katikati. Balozi wetu hakosi kwenye shauri la mtu.

"Ndugu zangu, tusiandikie mate na wino upo," akasema. "Ndugu rubani, yako inasemaje?"

"Tano na dakika ishirini," Pius akajibu.

"Na yako?"

"Tano na ishirini na tano," akasema Gaudens.

Bakili akapandisha mkono wa shati, akaangalia saa yake kwa madaha. "Yangu inasema ishirini na tano. Na hii ni saa ambayo haijanichelewesha kazini miaka minane." Muuza kahawa akaangalia yake: ishirini na tano. Mwalimu wa shule ya jirani: ishirini na tano. Muuza nyama akafuta damu mkononi, akaangalia: ishirini na tano. Mikono ikaendelea kunyanyuka, na kila mkono ulionyanyuka nilitamani ardhi ipasuke, maana saa zote zile nilikuwa nimeziona juu ya kimeza kile.

"Yametimia!" mtu akapaza sauti nyuma. "Huyu wa Songea ndiye aliyechelewa!"

Nilimwangalia Pius. Alitazama saa yake, akaitikisa, akaiweka sikioni, akaitazama tena. Uso wake ulibadilika polepole, mpaka nikaona mtu anaacha kujiamini mbele ya macho yangu. Akakaa kwenye benchi langu la wateja.

"Basi ni mimi," akasema. "Ni mimi niliyekaribia kumwua yule mama na tumbo lake."

Akavua kofia yake ya urubani akaiweka gotini. Gaudens, aliyekuja akiwaka, sasa akamwekea mkono begani. Mkono ule wa huruma ndio ulionimaliza.

Nikageuka kwa Kasmir. Mikono ameificha chini ya kimeza, macho yako kwenye lile tawi. Nilijua anachopima. Jina lake lote liko kwenye mikono ya watu waliosimama pale, na akinyamaza hakuna atakayejua hadi kiama. Pius atapoteza leseni, saa yake nzima itasogezwa ifanane na za uongo, na maisha yataendelea. Nikamkasirikia. Halafu nikajikasirikia zaidi, maana mimi nami nilikuwa nimenyamaza. Mimi ninayegombana na wauza maji kwa ndoo isiyojaa, ninayemwambia Bakili mbele ya mkewe kwamba anapenda makuu, ulimi ulikuwa umegandia kinywani. Nilikuwa nimemwapia. Na mtu wa kwetu amekaa kwenye benchi langu anajiita muuaji.

"Kasmir," nikasema. Jina tu, sikuongeza.

Akasimama kwa ghafla, kimeza kikapinduka. Visaa, visukurubu, vioo, vyote vikamwagika barazani.

"Saa yake ni sahihi."

"Ya nani?" Bakili akauliza.

"Ya Pius. Yake ndiyo sahihi. Zenu zote ni za uongo. Nimezisogeza mimi."

Mtu mmoja akacheka, akidhani ni utani. Kasmir akarudia. Akamgeukia kila mmoja: "Yako Bakili niliisogeza mwaka sabini na tatu. Yako mwalimu, ulipobadilisha kioo. Yako wewe wa nyama, mwaka jana. Dakika tano kila mtu. Nilitaka msifungiwe lango. Nilitaka muwahi." Akamgeukia kijana wa kwao. "Na zako Gaudens. Zote mbili. Nilizisogeza usiku wa kuamkia Jumatatu, siku uliyozichukua."

Bakili aliushika mkono wake wenye saa kwa mkono mwingine, kama umeungua. Muuza nyama alifungua mkanda wa yake, akaitazama, akaufunga tena, akaufungua. Wote walikuwa wametoka kumhukumu mtu kwa ushahidi wa mikono yao wenyewe, na kila mmoja alikuwa na hakika.

Gaudens akamsogelea Kasmir. Nilidhani atampiga, nikainuka.

"Mzee wangu, kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungezitoa kichwani."

"Ndiyo, ningezitoa," Gaudens akasema. "Ndiyo kazi yangu kule juu, kuzitoa. Hata ziwe ishirini, nikizijua nitazitoa. Wewe ukanipa zawadi bila kuniambia, nikaondoka nayo, nikaingia nayo mlangoni, na yule mtoto amekaa nyuma yangu anakula biskuti."

Hakupaza sauti. Angetukana ingekuwa afadhali. Kasmir alikaa chini, juu ya visukurubu vyake, akaweka kichwa kati ya magoti. Pius akasimama, akavaa kofia. Ilimchukua mara mbili kuiweka sawa. Alinyoosha mkono kuchukua lile tawi, kisha akaghairi, akaliacha hapo lilipoangukia. Akaondoka bila kuaga.

Mchana ule Kasmir alifunga kazi, akatembea kwa miguu mpaka ile ofisi ya kampuni ya Pius, Mchafukoge, alikokuwa mkaguzi, nami nikamfuata nyuma kwa sababu sikuamini hatua zake. Akamweleza mkaguzi yote, akaandika, akatia sahihi. Mkaguzi aliisoma karatasi ile mara tatu, akavua miwani. Jina la Pius likatolewa. Gaudens akasimamishwa wiki mbili, na hilo ni haki yake, kwani angewauliza tu watu wa uwanjani saa ngapi kabla ya kuruka, wangemwambia. Kasmir hawakumfanya kitu. Walimwambia aende nyumbani. Nadhani alitamani wamfunge.

Mtaani watu walimjia na saa zao, wengine kwa matusi, na yeye akawarudishia saa kamili bila kujitetea. Wengine walikataa katakata, eti usiniguse dakika zangu. Bakili alirudishiwa yake Jumamosi, na Jumatatu akachelewa kazini kwa mara ya kwanza tangu tumjue, akaja kumgombeza upya kana kwamba ameibiwa. Ningecheka, kama ningeweza kucheka wiki ile. Nikifumba macho nilikuwa namwona yule mama kwenye machela, anatazama dari la ndege, hajui kitu.

Wiki mbili zilipoisha, Jumamosi, wakaja wote wawili. Gaudens ameibeba saa ya ndege kwenye kitambaa kile kile. Pius amebeba redio, redio yake mwenyewe, yenye betri mpya, na siku hizo betri ukizipata unazificha.

"Shikamoo, mzee," Gaudens akasema.

Kasmir akaitika.

"Tunaomba uiweke sawa. Kwa redio."

Pius akaiweka redio kwenye kimeza, akaifungua. Wakangoja matangazo yaishe. Ilipopiga zile alama zake za saa saba kamili, Kasmir akakibonyeza kitufe cha saa, mshale ukaanza kutembea. Hakuongeza hata nukta. Niliangalia vidole vyake, nilikuwa tayari kumkata kwa mkasi. Akainyoosha saa kumpa Gaudens.

Gaudens hakuipokea.

"Tutangoja saa nane," akasema.

Wakangoja. Wakasimama pale juani, mmoja ameshika kona ya kimeza, mwingine ameshika redio. Niliwapa benchi, hawakukaa. Kasmir naye hakukaa. Saa nyeusi iko katikati yao, imelala chali, na wanaume watatu wanaiangalia. Wateja walifika, wakaona nyuso zao, wakapita. Mimi sikushona hata mshono mmoja. Nilimwona Kasmir akitokwa jasho mpaka kola ya shati ikaloa, na midomo yake ikawa inatembea, alikuwa anasali.

Redio ikapiga saa nane. Mshale ulikuwa mahali pake.

Gaudens akaichukua, akamwonyesha Pius kwanza. Pius akaangalia, akalinganisha na ya mkononi mwake, akaangalia tena, kisha akaitikia kwa kichwa. Wakaifunga kwenye kitambaa.

"Asante, fundi," akasema Pius. Wakaondoka pamoja kuelekea Msimbazi.

Kasmir akaniomba maji. Nikampa kikombe, kikamshinda kushika, ikabidi nimnyweshe mwenyewe kama mgonjwa.

"Jumatano wanakwenda tena kule," akaniambia. "Wote wawili. Mlango ule ule."

"Watapishana," nikamwambia. "Umeiweka sawa, nimeona kwa macho yangu. Watapishana salama."

"Kwa dakika tano tu, Hyasinta," akasema, na akaanza kulia.